Risasi ya Bweha

Watu wengi wakisikia "risasi ndogo" hudhani wamesikia "hatari ndogo". Hayo ni mambo mawili, na katika kijiji kama Chekereni tofauti yake yaweza kuwa uhai wa mtu.

Mpwa wangu anafuga mbuzi pembezoni mwa mashamba ya mpunga. Msimu mmoja bweha walimchukulia watoto wanne wa mbuzi. Kwa mwenye mbuzi mia, wanne si msiba. Yeye alikuwa na mbuzi kumi na mmoja, na wale wanne ndio waliokuwa sare na madaftari ya watoto wake. Alikuja kwangu kwa kuwa ninamiliki bunduki ya marisau kwa kibali. Akasema, "Shikamoo mjomba. Nataka kuomba kibali cha raifo ndogo. Niambie risasi gani inamtosha bweha."

Lilikuwa swali la haki, nami nilimjibu kwa kirefu. Ninayoandika hapa ni yale niliyomweleza.

Waliolijadili sana jambo hili ni wawindaji wa Marekani, kwa sababu ya koyoti, mnyama wa jamii ya mbwa anayewalia wafugaji wao kondoo na kuku. Koyoti ana uzito wa kilo 8 hadi 20 hivi. Bweha wetu mwenye mgongo mweusi ana kilo 6 hadi 13. Kwa hiyo risasi inayomtosha koyoti humtosha bweha na kubaki. Wamarekani wana majina mengi ya risasi hizo, lakini tatu zinatosha kutufundisha: .22 Long Rifle, iliyoanza mwaka 1887; .22 Hornet, ya mwaka 1930 hivi, na.223 Remington, ya mwaka 1964.

Ukizitazama kwa mbele, zote tatu zina upana wa karibu milimita 5.7. Asiyejua atasema ni risasi moja. Tofauti iko nyuma, kwenye ganda na baruti. Ile ya kwanza huirusha risasi ya gramu 2.6 kwa mwendo wa mita 380 hivi kwa sekunde. Hornet huirusha risasi ya gramu 2.9 kwa mita 820 kwa sekunde, na nguvu yake mdomoni mwa bunduki ni kama mara tano ya ile ya kwanza. Ile .223 hurusha gramu 3.6 kwa mita 990 kwa sekunde, na nguvu yake ni kama mara tisa. Anayechagua kwa upana peke yake hajachagua kitu.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuipenda ile ya kwanza. Ni rahisi, haina kishindo kikubwa, wala haitikisi bega. Nilimwambia kasoro zake mbili. Kwanza, bweha akiwa zaidi ya mita hamsini, mara nyingi risasi hiyo humjeruhi tu, naye hukimbia na kwenda kufia vichakani baada ya siku kadhaa za mateso. Pili, ni risasi ya risasi tupu, nzito kwa umbo lake na yenye mwendo mdogo. Ikigonga maji au ardhi ngumu kwa pembe ndogo haivunjiki, bali huruka na kuendelea na safari yake. Ikielekezwa juu kidogo inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu.

Zile zenye mwendo mkubwa, zikitengenezwa kwa ganda jembamba la shaba kwa ajili ya wanyama wadogo, hupasuka vipande zinapogonga mwili au udongo. Hilo ni jema. Lakini hupasuka pale tu zinapogonga kitu. Zikimkosa bweha katika tambarare, huenda mbali kuliko macho ya mpigaji. Na risasi za namna ya kijeshi, zilizofunikwa kwa shaba nene mwili mzima, humtoboa bweha na kuendelea mbele, nazo pia huruka zikigonga jiwe.

"Sasa mjomba," aliniuliza, "mbona Wamarekani wanazitumia?"

Wengi wao hupiga katika nyika pana, na nyuma ya mnyama kuna kilima. Chekereni haina kilima cha kuzuia risasi. Mlima tunao, lakini uko mbali kaskazini. Huku chini ni majaruba yaliyosawazishwa katika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, unaotumia maji ya Rau na Njoro. Jaruba lililojaa maji ni mahali pabaya kabisa pa kupiga risasi inayoruka. Na bweha hutoka alfajiri na jioni, saa zile zile ambazo watoto wako shambani wakiwinga ndege, na mtu mwenye zamu ya maji ameinama mferejini, haonekani ila mgongo. Usiku nao hauna mapumziko, maana maji yakiwa machache watu humwagilia hata usiku wa manane.

Kwa hiyo nilimwambia asianze na swali la mnyama. Aanze na swali la kilicho nyuma ya mnyama. Kwa zizi lake, jibu langu lilikuwa bunduki ya marisau, kwa umbali usiozidi mita thelathini na tano, mpigaji akiwa amesimama juu kidogo na mdomo wa bunduki ukielekea chini, kwenye udongo mkavu wa ndani ya ua. Hata marisau yanaweza kumdhuru mtu aliye mbali, ila hupoteza nguvu upesi kuliko risasi ya raifo.

Tena kuna sheria. Silaha hutolewa kwa kibali chini ya sheria ya mwaka 2015. Wanyamapori ni mali ya umma chini ya sheria ya mwaka 2009. Anayemwua mnyama kwa kulinda mali yake hutakiwa kutoa taarifa.

Na kabla ya yote hayo kuna boma. Bweha hupenya penye uwazi, huchimba chini ya ua, na huchukua kitoto kilicholala nje. Waya wa matundu madogo uliofukiwa ardhini, mlango unaofungwa kabla ya giza, na mbwa aliyechanjwa kichaa cha mbwa huokoa mbuzi wengi kuliko ganda lolote la shaba. Bweha huyo huyo hula panya, na hakuna mkulima wa mpunga asiyejua panya wanavyokata mabua.

Mpwa wangu alinyamaza, kisha akasema, "Mjomba, unaniambia nisipige?"

Nilimwambia, "Piga, baba, ukiona udongo nyuma yake. Usipouona, mwache aende na mbuzi wako." Maneno hayo ni machungu kwa mwenye mbuzi kumi na mmoja, na sikuyatamka kwa wepesi. Lakini mbuzi huzaa tena, na mtoto aliyetumwa kuwinga ndege ana mama anayemngoja nyumbani na uji.