Nduru na Mizani

Msikilizaji anayezungumziwa hapa ni mwalimu wa ushairi wa Kiswahili, mtu wa makamo, mzaliwa wa Kakamega na mkazi wa Nairobi. Kwa muda wa miaka ishirini amewafundisha wanafunzi ule mgogoro mashuhuri baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, na katika miaka hiyo yote hajapata kuficha upande wake. Kwake yeye, shairi lililokosa vina na mizani ni nathari iliyokatwakatwa. Si ajabu, basi, kwamba muziki alioupenda bintiye, muziki wa magitaa mazito na sauti za kupasua koo, aliuita kelele, wala hakuona haja ya kuutafutia jina jingine.

Neno hilo lilimgharimu. Mnamo mwaka 2024, siku ya tatu ya matanga ya mkewe, muziki huo ulisikika kutoka chumbani mwa binti, ilhali waombolezaji walikuwa wameketi sebuleni. Mwalimu alikwenda akagonga mlango, akaamuru: “Zima kelele hizo. Nyumba hii ina msiba.” Binti akazima. Tangu siku hiyo alivaa visikizio masikioni, na kwa takriban mwaka mzima baba na mwana walisalimiana asubuhi na jioni, wakaulizana habari za karo na za chakula, basi. Hatimaye mwalimu alifanya lile ambalo mhakiki yeyote angalipaswa kulifanya kabla ya kutoa hukumu: aliomba orodha ya albamu ili azisikilize. Binti alimwandikia majina kwenye kipande cha karatasi, bila neno la ziada.

Muziki wenyewe huitwa metalikoo. Kwa sikio la Mswahili jina hilo lina sadfa ya kuchekesha, kwani mwisho wake unakitaja kiungo kifanyacho kazi kubwa kuliko vyote. Asili yake ni ndoa ya panki kali ya Marekani na metali, ndoa iliyokomaa katika miaka ya 1990. Kutoka kwa panki ulirithi hasira na ufupi. Kutoka kwa metali, ustadi wa gitaa. Alama yake kuu ni pale ambapo wimbo uliokuwa ukienda mbio hupunguzwa mwendo ghafla, magitaa na ngoma zikaangukia pigo moja zito. Kwa kukosa istilahi, mwalimu alipaita mporomoko. Alipokwisha kusikiliza nyimbo kumi hivi, aligundua kwamba mporomoko hauji ovyo. Hutayarishwa, hucheleweshwa, kisha huangushwa mahali pake, mithili ya kituo ambacho mishororo yote ya ubeti hukielekea. Ugunduzi huo ulimfadhaisha. Kitu chenye kituo hakiwezi kuitwa kelele.

Jina la kwanza kwenye karatasi ile lilikuwa Holy Hell, albamu ya kundi la Architects la Brighton, Uingereza, iliyotolewa mwaka 2018. Tom Searle, mpiga gitaa na mtunzi mkuu wa kundi hilo, alifariki kwa saratani ya ngozi mnamo Agosti 2016, akiwa na umri wa miaka 28. Mpiga ngoma, Dan, ni pacha wake. Holy Hell ndiyo albamu ya kwanza kundi hilo kuitoa baada ya kifo hicho. Mwalimu aliiendea akitarajia ama kilio kisicho na mpaka ama faraja ya haraka, naye hakukuta lolote kati ya hayo. Sauti ya Sam Carter husimama pale ambapo kuimba kunakoma na nduru kuanza, lakini chini yake ngoma haziteteleki hata kidogo. Aliyefiwa na pacha ndiye aliyeshika mizani. Kwa maoni ya msikilizaji huyu, hiyo ndiyo siri ya albamu nzima: sauti imepewa ruhusa ya kupasuka kwa kuwa kuna anayehesabu.

Hapo ndipo alipokumbuka jambo alilolijua tangu utotoni. Kwao, mtu akifariki usiku, majirani hujua kwa nduru. Nduru hiyo ina anayeianza, ina wanaoipokea, na ina wakati wake wa kunyamaza. Hakuna mwanakijiji aliyepata kuiita kelele. Alikumbuka pia kwamba katika matanga ya mkewe yeye mwenyewe hakulia. Aliwapokea wageni, akawashukuru, akasimamia hesabu za michango. Katika nyumba ile, mtu aliyekuwa amepiga nduru ni mmoja tu, tena alikopa koo za watu wa mbali.

Kwa miaka mingi mwalimu aliitumia Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, kama hoja yake kuu dhidi ya shairi huru. Tungo zile zilitungwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, na hata hivyo urari wake haukuvunjika. Aghalabu aliwaambia wanafunzi kwamba maumivu ya kweli huhitaji vina. Baada ya Holy Hell aliirejea hoja hiyo na kuikuta ina ufa. Diwani ile inathibitisha kwamba dhiki huhitaji umbo la kuibeba. Haithibitishi kwamba umbo ni moja.

Albamu ya pili ni You Won't Go Before You're Supposed To ya Knocked Loose, kundi la Kentucky, Marekani, iliyotolewa Mei 2024. Ina nyimbo 10, na zote pamoja hazitimizi nusu saa. Mwimbaji Bryan Garris ameeleza kwamba jina hilo ni maneno aliyoambiwa na msafiri mwenzake ndani ya ndege alipokuwa amejawa na hofu: kwamba mtu haondoki kabla ya wakati wake. Maneno ya namna hiyo mwalimu aliyasikia mara nyingi sebuleni kwake, “siku yake ilikuwa imefika,” nayo hayakumfaa kitu. Katika albamu hii faraja hiyo haisemwi kwa upole. Imezungukwa na hofu iliyoihitaji, na kwa hiyo inaaminika. Ufupi nao ni fadhila, kwani hakuna ubeti wa kujazia. Mwishoni mwa 2024 kundi hilo lilipopiga katika kipindi cha Jimmy Kimmel kwenye televisheni ya Marekani, wako watazamaji waliolalamika kwamba watoto wao walitishika. Mwalimu aliposoma habari hiyo hakucheka. Aliitambua sauti yake mwenyewe mlangoni.

Tsunami Sea ya Spiritbox, kundi kutoka kisiwa cha Vancouver, Kanada, ilitolewa Machi 2025. Courtney LaPlante huimba kwa sauti laini na kunguruma kwa koo lile lile. Pande hizo mbili zinapolumbana ndani ya wimbo mmoja, albamu husimama imara; zinapotengwa, wimbo mmoja ukawa laini wote na mwingine mkali wote, mvutano hulegea.

Wala si kila kitu kilimridhisha. For Those That Wish to Exist, albamu ya Architects ya mwaka 2021, iliongoza chati ya albamu ya Uingereza, lakini kwake nyimbo zake 15 ni nyingi mno. Maudhui yake, hatima ya dunia inayoharibiwa na binadamu, ni mazito bila shaka. Kasoro ni kwamba fidla na tarumbeta zimeongezwa kana kwamba uzito wa maudhui haukutosha, na miporomoko imekuwa mingi hata mtu huitarajia kama abiria atarajiavyo matuta barabarani.

Jina la mwisho lilimshangaza kuliko yote: Duma, albamu ya watu wawili wa Nairobi, iliyotolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Si metalikoo hasa. Mitambo imeshika nafasi ya ngoma, na mwendo wake ni wa kasi isiyopumua. Alidhani jina ni la mnyama yule mwenye mbio, kumbe limetoka katika Kikikuyu na maana yake ni giza. Hapa hakupata mizani ya kushika, akakiri kwamba bado hajui kuisikiliza.

Maoni hayo yote alimpelekea binti jioni moja, yakiwa yameandikwa kwa kalamu nyekundu kama asahihishavyo insha. Binti aliyasoma hadi mwisho. Kuhusu Holy Hell hakusema kitu; aliikunja karatasi, akaikunjua tena. Kuhusu ile ya mwaka 2021 alitikisa kichwa.

“Hiyo hukuisikiliza vyema, Baba. Hiyo ni ya usiku.”

Walibishana hadi chai ikapoa, na suala la nyimbo 15 halijapata suluhu hadi leo.