Siku Moja Thika: Maporomoko, Chakula na Maji ya Mto

Watu wengi wasikiapo neno utalii hufikiri habari za ng'ambo. Humwaza tajiri aliyepanda ndege kwenda Hispania, akaketi juu ya genge katika mji wa Ronda, akala taratibu huku akitazama mto upitao chini kabisa katika korongo. Mji ule ni mzuri kweli. Daraja lake kubwa, lililomalizika mwaka 1793, limesimama karibu mita 100 juu ya maji, na kando ya korongo zimo nyumba za kulia chakula ambazo meza zake zimepangwa ukingoni. Waislamu waliutawala mji huo mpaka mwaka 1485, na hata leo jina la mto wake, Guadalevín, laanza kwa neno la Kiarabu la wadi, yaani bonde la mto. Lakini sisi tukaao Gitothua, katika mji wa Ruiru, tunapo mahali pa namna hiyo karibu nasi, mahali ambapo mtu aweza kunywa chai yake huku maporomoko yakivuma sikioni, na nauli ya kufika huko ni ya matatu tu. Nimeona yafaa niwaeleze wasomaji jinsi siku moja ya mapumziko inavyoweza kutumika huko Thika.

Kutoka Ruiru hata Thika ni mwendo wa yapata kilomita 20. Barabara pana iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba, 2012, imeifanya safari hiyo kuwa jambo dogo, isipokuwa jioni magari yanaposongamana. Mtu hupita Juja, penye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na kabla hajamaliza kusoma gazeti lake amekwisha fika. Yafaa hata hivyo asisome, bali atazame dirishani. Nchi hii yote ilikuwa mibuni, na wazee wetu waliichuma kahawa hiyo kwa kulipwa kwa debe. Sasa palipokuwa na mibuni pana magorofa ya kupangisha, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 katika mji wa Ruiru. Jina la mji limebaki katika kahawa kwa njia nyingine: ile aina ya mbuni isiyoshikwa upesi na ugonjwa wa matunda wala kutu ya majani, ambayo wakulima walianza kupewa mwaka 1985, yaitwa Ruiru 11, maana ilitokana na kituo cha utafiti kilichopo hapa.

Mahali pa kwanza pa kwenda ni hoteli ya Blue Posts. Ilianzishwa mwaka 1908, na husemwa kwamba jina lake lilitokana na nguzo zilizopakwa rangi ya buluu. Imejengwa katikati ya mito miwili, Chania upande mmoja na Thika upande wa pili, na kila mto una maporomoko yake. Mgeni aliyeketi bustanini husikia ngurumo zikimjia kutoka pande mbili, na mwanzoni hajui ageukie wapi. Zipo njia za kushuka mpaka mahali pa kutazamia. Ashukaye avae viatu vyenye soli ya kushika, kwa sababu mawe yana unyevu siku zote, na manyunyu ya maji humfikia mtu angali mbali. Wakati bora ni baada ya mvua za masika, au mwezi wa Novemba na Desemba baada ya vuli. Wakati huo maji huwa mekundu kwa udongo, hushuka kwa kishindo, na mtu hulazimika kumpigia kelele mwenzake aliye karibu.

Mto Chania una habari zake kwa Wagikuyu, kwa kuwa tangu zamani ndio uliokuwa mpaka kati ya watu wa Kiambu na wa Murang'a, na mpaka leo wanasiasa wakitaka kuwagawa watu hutaja ng'ambo ya Chania. Mto Thika nao una habari nyingine. Huko juu, Ndakaini, ulijengewa bwawa kubwa lililomalizika mwaka 1994 ili kuwapa maji watu wa Nairobi. Kwa hiyo maji yanayoporomoka mbele ya mgeni ni yale yaliyosalia baada ya mji mkuu kuchukua sehemu yake.

Hoteli hii ilikuwa kituo cha walowezi waliokuwa wakienda Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, na Nyeri. Mwandishi Elspeth Huxley, aliyeletwa Thika na wazazi wake angali mtoto, aliandika habari za siku hizo katika kitabu chake The Flame Trees of Thika kilichotoka mwaka 1959, nacho kililitangaza jina la Thika duniani kote. Lakini katika miaka hiyo ya ukoloni Mwafrika alifika katika hoteli za Wazungu kwa mlango wa jikoni. Alipika, akafua, akabeba mizigo, akapalilia maua, asiweze kuketi mezani. Mzee mmoja wa jirani yetu Gitothua, ambaye baba yake alikuwa mpagazi upande huo, aliniambia kwamba baba yao aliyajua maporomoko yale kwa sauti tu. Kila siku aliyasikia, wala hakupewa hata dakika tano za kwenda kuyatazama. Mzee huyo alipopelekwa huko na wajukuu wake aliagiza chai, akaimimina mwenyewe, akakaa kimya muda mrefu. Wajukuu walidhani amechoka.

Siku hizi mlango u wazi kwa kila mtu mwenye fedha za kulipia alichoagiza. Bei ni ya juu kuliko ya vibanda vya mjini, jambo ambalo si ajabu, maana mtu hulipia bustani na mandhari pia. Mwenye watoto wengi na aombe kwanza karatasi ya bei. Jambo moja lilinishangaza. Katika meza zilizokuwa karibu yangu, watu wa nchi hii ya kahawa karibu wote walikuwa wakinywa chai ya maziwa. Mkulima wetu huipeleka kahawa yake Hamburg na Antwerp, naye mwenyewe hufa hajaijua ladha yake. Ukiwa Thika, agiza kahawa japo mara moja.

Kutoka hapo twende Fourteen Falls. Watu hupanda gari la njia ya Garissa, wakapita mashamba ya mananasi yasiyo na mwisho, na mbele yao unainuka mlima ambao Wamasai huuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa, na ambao kwa Kiswahili ni Kilimambogo, kwa sababu ya nyati wake. Una urefu wa mita 2,145 na ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967. Juu ya mlima huo amezikwa William Northrup McMillan, Mmarekani aliyekuwa na shamba kubwa sana la Juja, ndiye aliyempokea Theodore Roosevelt mwaka 1909. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa mno, na alipofariki mwaka 1925 ilikusudiwa azikwe kileleni, lakini jeneza likawashinda wachukuzi kwa uzito, akazikwa njiani.

Maporomoko yenyewe yako katika Mto Athi. Mto huo, ambao huja polepole kama mzee atokaye kanisani, hapo hugawanyika ghafula kwenye mwamba mpana na kuanguka kwa mikondo mingi, nayo ndiyo iliyopewa hesabu ya kumi na minne. Vijana wa hapo huwavusha wageni kwa mashua, na wengine hujitupa kutoka juu ya mwamba kwa malipo. Wajuao kuogelea wasijaribu kuwaiga; watu wamekwisha kufa pale, na mkondo wa chini hauonekani.

Sasa nitasema jambo ambalo matangazo ya watalii huliacha. Maji yale yananuka. Siku niliyokwenda mimi povu jeupe lilikuwa limejaa chini ya maporomoko, na kwenye matawi ya miti ya ukingoni ilining'inia mifuko na vitambaa mithili ya nguo zilizoanikwa. Nilimwuliza kijana mmoja mwenye mashua kama hali ni hiyo siku zote.

"Mvua za kwanza ndizo mbaya zaidi, mzee," akajibu. "Kila kitu cha huko kwenu huja mara moja."

"Huko kwetu wapi?"

"Nairobi, Ruiru, kote. Sisi twapokea tu."

Kijana yule alisema kweli kwa mujibu wa ramani. Maji ya Chania na Thika huenda kuingia Mto Tana. Lakini Mto Nairobi, pamoja na mto wetu wa Ruiru, humwagika katika Athi, nao Athi ndio upitao Fourteen Falls. Baada ya hapo unapita Ukambani, ambako watu hunyweshea mboga kwa maji hayo na ng'ombe huyanywa, kisha huitwa Galana, kisha Sabaki, hata unaingia baharini karibu na Malindi. Basi chupa itupwayo mtaroni Gitothua mwezi wa Machi, isipookotwa na mtu, ina safari ndefu kuliko ya mwenyewe aliyeinywa. Wenye nyumba za kupangisha wanaofungulia machafu usiku wakati mvua inanyesha wanafikiri maji yameyafuta. Hayakufutwa. Yamepelekwa kwa watu wengine, nao wanajua yatokako.

Tulirudi mjini na njaa. Katika mitaa ya Thika chakula cha mchana ni mukimo, yaani viazi, mahindi na majani ya maboga vilivyopondwa pamoja, na nyama ya mbuzi iliyochomwa kwa makaa, hukatwa mezani pako juu ya ubao. Mwenye tumbo lisilopenda nyama aombe njahi. Sahani ilijaa, chumvi ilikuwa kando, na mama aliyetuhudumia alikuwa akituambia, "Ongezeni, baba, siku bado ndefu." Hapo sina la kuongeza.

Lakini chakula kinachoipa Thika sifa kwangu ni kile cha jioni, nacho huliwa wima. Jua likianza kutua, moshi hupanda penye njia za Makongeni, na watu watokao kazini huzunguka majiko ya mutura. Ni utumbo wa mbuzi au ng'ombe uliojazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, vitunguu, dhania na pilipili, ukachemshwa, kisha ukakaushwa juu ya makaa. Mwuzaji huukata vipande juu ya ubao, akaweka chumvi na kachumbari, na kila mtu hula kwa kidole, karani na mbeba mizigo bega kwa bega. Supu hutolewa katika kikombe cha bati.

Wahispania nao wana chakula cha namna hiyo hiyo. Katika mji wa Burgos hutengeneza utumbo uliojazwa damu, vitunguu na mchele, wauita morcilla, na katika miji yao mingi watu husimama jioni wakala vipande vidogo vidogo pamoja na kinywaji, wakipiga soga, kwa kuwa chakula chao kikuu cha usiku hakiliwi kabla ya saa tatu. Wageni hulipa nauli kubwa kwenda kuiona desturi hiyo.

Anayetaka mutura achague jiko lenye watu wengi, ambapo nyama haikai, na aangalie kama mwuzaji ana ndoo ya maji safi na kama fedha hupokewa na mkono mwingine. Utumbo hutaka kuoshwa mara nyingi kwa maji yasiyo ya mtoni.

"Mzee, nikukatie ya ngapi?" aliniuliza kijana mwenye kisu. Nikamwambia ya hamsini. Akanitazama, akaona nimevaa koti, akaongeza kipande cha mwisho chenye kukauka vizuri, bila kukihesabu.

Magari ya kurudi Ruiru hupatikana hata giza likiisha kuingia. Lakini atokaye Kilimambogo heri awe barabarani kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu baada ya hapo magari ya njia ya Garissa huja yamejaa.