Nilifuta video yangu kubwa kwa sababu ya mikato minne

Wale mmekuwa mkiuliza ile video ya bunduki ilienda wapi, hakuna mtu aliniripoti. Niliifuta mwenyewe. Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote tangu nianze hii kazi, na mwezi ule ndiyo ilinilipia nyumba. Nimeifuta kwa sababu ndani yake nilisema kitu ambacho si kweli. Sikukusudia, lakini mtu aliyenisikiliza akaumia, na si mimi niliyeumia.

Nianze mwanzo ndio tuelewane.

Mwaka jana mzee mmoja mstaafu alinipigia simu. Ana leseni ya bunduki, na wikendi huenda uwanja fulani nje ya Nairobi kulenga sahani. Alitaka nimrekodi ndio ajione anakosea wapi. Mimi sikuwa nimewahi kushika bunduki, na mpaka leo sijawahi kufyatua. Kazi yangu ni kamera. Lakini si mnajua sisi watu wa mtandao: ukikaa mahali Jumamosi tatu, unaanza kujiona fundi.

Mchezo wenyewe unaitwa trapu. Unasimama kama mita 15 nyuma ya kibanda kilichozama ardhini. Ukiita, mashine iliyo ndani inarusha sahani mbele yako, inakimbia ikienda mbali, na hujui kama itakata kushoto, kulia au itaenda moja kwa moja. Sahani ina upana wa sentimita 11 hivi. Tunaziita za udongo, lakini siku hizi hutengenezwa kwa lami na unga wa chokaa. Raundi moja ni sahani 25. Zamani walikuwa wanarusha njiwa hai kutoka kwa visanduku vya mtego, na hilo neno mtego ndilo Kiingereza cha trapu.

Bunduki yake ni ya marisau. Katriji moja ya gramu 28 hubeba marisau kama 340, vidonge vya risasi vyenye upana wa milimita 2.4 hivi. Yakitoka mtutuni yanaenda kama kundi la nyuki, na kadiri yanavyoenda mbali ndivyo yanavyotawanyika. Choki ni ule mbano mdogo ulio mdomoni mwa mtutu, unaoamua kundi litatawanyika haraka au litashikana kwa muda. Waingereza na Wamarekani hawajamaliza kubishana nani aliibuni, kwa sababu pande zote mbili zina hataza za mwaka 1866.

Sasa, huo mbano ni mdogo hadi unacheka. Mtutu wa geji 12 una upana wa ndani wa milimita 18.5. Choki ya robo inabana kama milimita 0.25. Nusu ni 0.5. Robo tatu ni 0.75. Choki kamili ni kama milimita 1. Hiyo milimita moja ndiyo watu wanaikosania usingizi. Bunduki nyingi za siku hizi zina choki za kufunga kwa nyuzi, kwa hiyo unatoa hii unaweka ile.

Na hapo ndipo nilipoingia shimoni.

Ukingoni mwa kila choki kuna mikato midogo, imewekwa hapo ndio ujue ni ipi hata ikiwa imeshafungwa. Mzee alikuwa ameenda kunywa chai. Mimi nikaona moja ina mikato minne, nikaisogeza karibu na kamera, nikasema kwa ile sauti yangu ya kujiamini: mikato mingi, mbano mkali. Nikaongeza kwamba kwa trapu weka kali kuliko zote, usifikirie mara mbili.

Kumbe kwa watengenezaji wengi ni kinyume. Mkato mmoja ni choki kamili. Miwili ni robo tatu, mitatu ni nusu, minne ni robo, na mitano maana yake hakuna mbano kabisa. Yaani kile nilichoita kikali kuliko zote kilikuwa karibu na wazi.

Wiki kadhaa baadaye jamaa mmoja akanitumia ujumbe inboksi. Hakutukana, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Aliniambia alinunua bunduki ya mkono wa pili, ikaja na choki bila kijitabu. Akaona video yangu. Akaenda kwa shindano la klabu yao na mikato minne akijua amebeba choki kamili. Yeye kawaida huvunja 20 au 21 kati ya 25. Siku hiyo alivunja 15. Alisema kuna sahani alizipiga akaona zikitoa vumbi, lakini hazikumeguka, na refa akahesabu amekosa. Kwa trapu, vumbi peke yake halikupi pointi. Lazima kipande kionekane kikitoka. Akamaliza hivi: "Bro, nilidhani umeuliza mtu kabla ya kuposti."

Sikuwa nimeuliza mtu.

Beste yangu akaniambia acha video, weka tu komenti ya kusahihisha pale juu, nani atajua. Nikakaa na hilo wazo siku tatu. Kusema ukweli sikuwa nafikiria heshima, nilikuwa nafikiria kodi. Mwisho nikampigia Mzee, nikamweleza kila kitu nikingoja anifukuze. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Kijana, njoo Jumamosi mapema. Na ubebe kalamu ya wino mzito."

Jumamosi nikapata ametundika karatasi kubwa kama mlango kwenye fremu ya mbao. Tukapima mita 37 kwa kamba, kwa sababu huo ndio umbali wa zamani ambao choki hupimwa nao. Mpango ni huu: unalenga katikati, unapiga mara moja, halafu unatafuta pale mashimo yamejaa zaidi na kuchora duara la sentimita 76. Unahesabu mashimo yaliyo ndani ya duara. Vitabuni choki kamili inafaa kuweka asilimia 70 ya marisau ndani ya hilo duara, nusu asilimia 60, robo asilimia 55 hivi, na mtutu usio na mbano asilimia 40.

Yeye alipiga, mimi nikahesabu. Kila choki karatasi tatu, kisha tukachukua wastani, kwa sababu karatasi moja inaweza kukudanganya. Mashimo mia mbili na kitu kwa kila karatasi, moja baada ya nyingine, nikiweka alama ya kalamu ndio nisirudie. Jua lilinichoma shingo. Nilipoteza hesabu mara mbili nikaanza upya, na Mzee hakusema kitu, alivuta kiti tu akakaa.

Choki yake ya nusu, ile iliyofaa kuwa asilimia 60, ilitupa 231 kati ya 340. Hiyo ni asilimia 68, karibu choki kamili. Nikadhani nimehesabu vibaya. Mzee akaniambia hapana, ni katriji. Vile viwango vimetoka enzi marisau yalikuwa laini na yanasuguana na mtutu. Katriji nzuri ya sasa ina kikombe cha plastiki kinachokinga marisau yasibondeke, na yenyewe yamechanganywa na madini magumu. Risau likibaki mviringo linaenda sawa. Likibondeka linapotea njia. Akabadilisha, akaweka katriji ya bei nafuu yenye marisau laini, choki ikiwa ile ile. Tukapata 197, yaani asilimia 58.

Choki moja, mtutu mmoja, mtu mmoja. Katriji tofauti, matokeo kama ya choki mbili tofauti.

Kwa hiyo hata kama ningesoma mikato vizuri, ushauri wangu bado ungekuwa nusu. Mkato unakuambia kiwanda kilikusudia nini. Haukuambii bunduki yako, na katriji unayoweza kununua, vinafanya nini ukiwa uwanjani. Hilo linajulikana kwa karatasi tu.

Na hapa wacha niseme kitu kinachonihusu. Wengi mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Mnajua pia huwa napenda kusema hapa kwamba karatasi si kitu, kwamba kuna watu wana digrii na hawajui kazi. Bado naamini kuna ukweli hapo. Lakini nilikuwa nimeugeuza kuwa ruhusa ya kutopimwa na mtu yeyote. Chuoni kuna mtu angenirudishia ile kazi na alama nyekundu. Huku nje hakuna anayekurudishia. Unaposti, laiki zinaingia, unadhani laiki ni maksi. Jamaa wa inboksi ndiye aliyenisahihishia, na alilipa yeye hiyo karo.

Basi haya ndiyo ningesema kwa ile video kama ningekuwa nimeuliza.

Kwa nini trapu inataka choki ya kubana kuliko michezo mingine ya sahani? Kwa sababu sahani inakukimbia. Kwa skiti sahani inakupita mbele, karibu, kwenye mita 20 hivi, na mlengaji anahitaji kundi pana. Kwa trapu, hadi uione, uifuate na ubonyeze, imeshafika mita 30 au zaidi, na inakuonyesha ukingo wake tu, wembamba wa sentimita mbili na nusu hivi. Kundi likiwa na mapengo, sahani inapita katikati kama pikipiki kwenye foleni. Ndiyo maana walengaji wengi wa trapu hukaa kati ya nusu na kamili.

Lakini kali zaidi si bora zaidi kila mara. Choki kamili ikikubali, sahani inageuka moshi na unajisikia mfalme. Ukikosea kidogo tu pembeni, hakuna kitu. Anayeanza akiweka kamili anajifunza kukosa bila kujua alikosa kwa kiasi gani. Mzee huwaambia wageni waanze na nusu, na wakishavunja kwa mfululizo ndio wajaribu robo tatu.

Angalia unavunja sahani ikiwa wapi. Hapa kamera inasaidia kweli. Kuna watu wana mkono mwepesi, wanaivunja mita 30. Kuna wanaosubiri hadi mita 38. Hao wawili hawafai kushauriana choki. Usipime karatasi yako kwa mita 37 peke yake, pima pia kwa ule umbali wako.

Kama bunduki ina mitutu miwili, na mchezo unakuruhusu kupiga mara mbili, mtutu wa kwanza unapewa choki nyepesi kidogo na wa pili kali, kwa sababu ukipiga ya pili sahani imeshaenda mbali. Kwa trapu ya Olimpiki hilo ni muhimu zaidi: sahani zinarushwa hadi mita 76, zina kasi kali, na katriji haziruhusiwi kuzidi gramu 24, kwa hiyo marisau ni machache.

Usalama kwanza, na hii si ya mapambo. Kabla ya kugusa choki, bunduki iwe imefunguliwa na uone kwa macho yako kwamba haina katriji. Usipige kamwe bila choki ndani ya mtutu wenye nyuzi, utauharibu. Hakikisha imekazwa kati ya raundi, kwa sababu hulegea. Na wale mnaniuliza bunduki inapatikana wapi, mimi si njia. Kuna sheria, kuna Bodi ya Leseni za Silaha, na kuna klabu zenye wakufunzi. Anzia huko.

Mwisho kabisa, mara nyingi shida si choki. Nilipomrudishia Mzee video zake za miezi mitatu, tuliona sahani nyingi alizokosa, mtutu ulisimama kabla hajabonyeza. Alikuwa amebadilisha choki mara nne mwaka huo akitafuta dawa. Aliangalia kimya, kisha akasema, "Basi choki haikuwa na makosa."

Yule jamaa nilimtumia picha za karatasi zetu zote na hesabu zake, na nikamwomba msamaha bila maelezo mengi. Alienda kupiga karatasi zake mwenyewe. Choki yenye mkato mmoja ilimpa kundi dogo kuliko anavyohitaji, akatulia na ile ya miwili. Shindano lililofuata alivunja 22. Hakunishukuru, na sikungoja anishukuru. Aliandika tu namba.

Video mpya ya kusahihisha iko kwa ukurasa. Imetazamwa na watu wachache sana ukilinganisha na ile ya uongo, na mwezi huu nimeomba caretaker anivumilie. Kama ulitazama ile ya kwanza, tafadhali tazama na hii, na umtumie yule uliyemtumia ile. Ukiona kosa, niandikie kwa komenti hapo chini. Sitafuta komenti yako.