Mawingu ya baba mdogo

Kazi yangu ya kwanza kwa baba mdogo ilikuwa kupiga msasa. Alikuwa na kibanda Mwenge, Dar es Salaam, nami nikitoka shule nilikalia gogo la mpingo na kusugua vichwa vya wazee wa kuchongwa mpaka vidole vikafanya malengelenge. Kwangu mimi kinyago kilikuwa mtu: ana macho, ana pua, ana mzigo kichwani.

Siku moja nikamkuta na kitu kisicho na uso. Kimejipinda, kimejikunja, katikati kina tundu la kutosha ngumi.

"Ba'mdogo, hiki nini?"

"Mawingu," akajibu, akaendelea kugonga patasi. Nikadhani ananitania.

Jioni ile alinipa habari za Samaki Likankoa, Mmakonde mwenzake kutoka Msumbiji aliyechonga Dar es Salaam miaka ya 1950 na kumuuzia vinyago vyake Mohamed Peera, mwenye duka la vinyago. Wachongaji husimulia kwamba kinyago chake kimoja kilivunjika mkono. Akaona hasara kukitupa. Akakigeuza kiumbe cha ajabu, yaani shetani, na Peera akakipokea. Hivyo, yapata mwaka 1959, mtindo wa shetani ukaingia sokoni, na wengine nao wakathubutu. Mtindo wa mawingu nao huhusishwa na mchongaji Clementi Ngala. Humo hata shetani hayumo tena. Limebaki umbo tu na weusi wa mpingo.

Wapo wanaosema sanaa dhahania tumeletewa na Wazungu. Kwamba mnunuzi alikuwa na lake katika jambo hili sibishi, maana hadithi yenyewe inapitia dukani. Lakini aliyeufuata mpindo wa gogo ni mchongaji. Baba mdogo hakuwa na mchoro wowote. Alilizungusha gogo, akatafuta ufa, akaanzia palepale penye kasoro.

Nilipopita Mwenge juzi, vibanda vilijaa twiga wa mti mweupe waliopakwa kiwi ya viatu. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa, na bei yake si ya mchezo. Baba mdogo naye anachonga twiga. Ndio wanaomlipia kodi ya nyumba. Mawingu yale ya kwanza hajayauza. Yako sebuleni kwake, kando ya televisheni, na kwenye lile tundu anaweka funguo.