Timu Iliyohama na Jina Lililobaki

Timu ninayotaka kuwasimulia haichezi kwenye nyasi wala kwenye vumbi. Inacheza juu ya barafu. Inaitwa Winnipeg Jets, na mji wake Winnipeg uko katikati ya Kanada, mahali ambapo baridi ya Januari inaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Baadhi yetu tuna ndugu waliopelekwa kule. Mimi nina mtoto wa shangazi yangu, na ndiye aliyenianzishia habari hii kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Alisema, huku kuna timu ilikufa ikafufuka, na watu wazima wakiisimulia wanatokwa machozi. Basi nikawa naitafuta historia yake kidogo kidogo, kila nikipata bando.

Kwa ambaye hajaiona hoki ya barafuni: kila upande una wachezaji 6 pamoja na kipa, wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini, kila mmoja na gongo lake. Hakuna mpira wa duara. Kuna kidude cheusi kigumu, bapa kama kifuniko cha kopo, wanakisukuma kwa magongo mpaka wavuni. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Na ile barafu inatengenezwa. Chini ya sakafu ya zege kuna mabomba yanayopitisha maji ya chumvi ya baridi kali, halafu juu wanamwaga maji tabaka kwa tabaka mpaka yagande. Yaani sisi tukitaka kucheza tunachomeka miti minne, tunaanza. Wao bila jengo hawana mchezo. Jengo ndilo lililokuja kuwaponza.

Jets ilianza mwaka 1972, katika ligi mpya iliyokuwa ikishindana na ligi kubwa ya NHL. Walimchukua nyota wa Chicago, Bobby Hull, kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni 1, na watu wakashangaa mji mdogo umepata wapi ujasiri huo. Wakachukua kombe la ligi hiyo mara tatu, 1976, 1978 na 1979. Ligi ilipovunjika mwaka 1979, wakaingia NHL. Uwanja wao ulikuwa Winnipeg Arena, jengo lililofunguliwa mwaka 1955, na juu ya barafu ilitundikwa picha kubwa sana ya Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1987 mashabiki walianza desturi ya kuja wote wamevaa nyeupe kwenye mechi za mtoano, uwanja mzima ukawa kama theluji. Msimu wa 1992-93 kijana mgeni kutoka Finland, Teemu Selänne, akafunga magoli 76. Hakuna mchezaji wa msimu wa kwanza aliyewahi kufikia hapo katika NHL.

Lakini jengo lilikuwa limezeeka na halikuwa na vyumba vya kutosha vya matajiri, ambavyo ndivyo vinaleta pesa. Mishahara ya wachezaji ililipwa kwa dola ya Marekani wakati tiketi ziliuzwa kwa dola ya Kanada, ambayo ilikuwa dhaifu. Mwaka 1995 wananchi wakaandamana, wakachanga, hata watoto wakatoa akiba zao za kwenye vibweta. Haikutosha. Tarehe 28 Aprili 1996 Jets ilicheza mechi yake ya mwisho pale, ikafungwa 4-1 na Detroit. Halafu ikahamishiwa Phoenix, kwenye jangwa la Arizona, ikapewa jina lingine, Coyotes.

Hapa ndipo habari hii iliponishika. Timu ilipohama, na historia yake ilihama nayo. Kwenye vitabu vya ligi, yale magoli 76 ya Selänne yakahesabiwa upande wa Phoenix. Watu wa Winnipeg waliokuwepo, waliopiga kelele usiku ule, wakabaki na kumbukumbu tu. Karatasi zilikuwa jangwani.

Sisi tuliotoka Mtendeli tunalijua jambo hili. Kambi ilipofungwa mwaka 2021 tukahamishiwa Nduta, na timu yetu ya vijana ikaja vipande vipande. Mmoja huku, mwingine zoni ile, wawili walikuwa wamesharudi Burundi. Kocha naye alirudi, na daftari la matokeo likaondoka naye. Huku tukaambiwa tujiunge na timu zilizopo, na kweli wenyeji walitupokea vizuri. Lakini siku moja, baada ya mazoezi, kijana wangu mmoja wa miaka 14 akaniuliza, "Kaka, magoli yetu ya kule bado yanahesabika?" Nilimwambia yanahesabika. Akasema, "Yameandikwa wapi?"

Turudi Winnipeg tuone wao walifanyaje. Mwaka huohuo wa 1996 walipokea timu ya daraja la chini, Manitoba Moose, nayo ilikuwa imehamia kutoka Minnesota. Kwa miaka 15 Moose ndiyo iliyofanya watu wasiache kuja uwanjani. Katikati ya mji kulikuwa na duka kubwa la zamani la Eaton's ambalo lilifungwa mwaka 1999. Likabomolewa, na pale pale wakajenga uwanja mpya wenye viti kama 15,000, ukafunguliwa mwaka 2004. Leo unaitwa Canada Life Centre. Ndani wameweka sanamu ya mwenye duka, Timothy Eaton, ambayo tangu zamani watu huisugua kiatu kupata bahati. Walijenga nyumba kabla hawajajua kama mgeni atakuja. Ule uwanja wa zamani ulibomolewa mwaka 2006.

Tarehe 31 Mei 2011 ikatangazwa kwamba timu ya NHL inakuja. Waliambiwa wauze tiketi 13,000 za msimu mzima. Zilipofunguliwa kwa umma, zilizobaki ziliisha ndani ya dakika chache. Mechi ya kwanza, tarehe 9 Oktoba 2011, walifungwa 5-1 na Montreal, na mji mzima ulikuwa kwenye sherehe.

Sasa msishangilie haraka. Timu iliyokuja haikuwa ile iliyoondoka. Ilikuwa Atlanta Thrashers, timu iliyoanza kucheza mwaka 1999, imetolewa kwa watu wengine waliokuwa wakiipenda. Atlanta iliwahi kupoteza timu nyingine mwaka 1980, ilipohamia Calgary. Kwa hiyo furaha ya Winnipeg ilikuwa msiba wa kwao. Na ile Jets ya kwanza kule jangwani haikutulia. Ilibadilisha viwanja, na mwishoni ilikuwa inacheza kwenye uwanja wa chuo kikuu wenye viti visivyofika 5,000. Mwaka 2024 wachezaji wakapelekwa Salt Lake City, na jina la Coyotes likawekwa kando.

Kwa makaratasi, Jets ya leo ni mtoto wa Atlanta. Lakini watu wa Winnipeg hawakusubiri karatasi. Mwaka 2016 timu mpya ilianza kuwaenzi rasmi wachezaji wa zamani, Bobby Hull na wenzake wawili kutoka Sweden, Anders Hedberg na Ulf Nilsson. Mwaka 2022 wakasimamisha karibu na uwanja sanamu ya Dale Hawerchuk, nahodha wa miaka ya themanini, aliyefariki mwaka 2020. Hakuwahi kuichezea timu hii ya sasa hata dakika moja. Na zile nguo nyeupe zimerudi.

Ninachokiona mimi ni hiki: kurudi kama ulivyoondoka hakupo, lakini kukumbuka hakuhitaji kibali. Kwa hiyo na sisi tumeanza. Tumenunua daftari la kurasa 96. Kila kijana anakuja na matokeo anayoyakumbuka ya Mtendeli, mwenzake anathibitisha, tunaandika. Wakibishana sana tunaacha nafasi wazi. Anayeondoka, awe anarudi nyumbani au anakwenda ng'ambo, anapiga picha kurasa zote kwa simu.

Na kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa: mkipanga kuhamisha watu mnahesabu kaya, magodoro na masufuria, na tunashukuru. Ongezeni mstari mmoja kwenye fomu. Ulizeni kuna timu ngapi, kwaya ngapi, vikundi vingapi vya ngoma, na kama inawezekana viwekwe zoni moja. Haigharimu hata lita moja ya dizeli.