Barabara ya Pwani ya Kusini: Uende Mwezi Gani?

Ndugu msomaji, mtu akitaka kusafiri huuliza mambo mawili. Huuliza nauli ni kiasi gani. Huuliza basi linaondoka saa ngapi. Lakini lipo swali la tatu ambalo wengi wetu hulisahau. Swali hilo ni hili: je, huu ni mwezi gani, na huko ninakokwenda kuna mvua au hakuna?

Leo twende pamoja katika barabara ya pwani ya kusini. Barabara hii inatoka Dar es Salaam na kwenda mpaka Mtwara. Urefu wake ni karibu kilometa 560. Inapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Nangurukuru na Lindi. Ni barabara nzuri, na ina mengi ya kuona. Lakini haina tabia moja mwaka mzima.

MVUA ZA HUKU SI MVUA ZA KULE

Watu wa Dar es Salaam na Mkuranga wana mvua mara mbili kwa mwaka. Masika hunyesha kuanzia Machi mpaka Mei. Vuli hunyesha kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Januari na Februari huwa ni miezi ya jua kali.

Watu wa Lindi na Mtwara hawako hivyo. Wao wana msimu mmoja tu wa mvua. Msimu huo huanza Novemba na huisha Aprili, na pengine hufika Mei. Basi Januari na Februari, wakati jua linawaka Dar es Salaam, kusini watu wanapalilia mashamba kwenye tope.

Hapo ndipo msafiri hudanganyika. Anatazama mbingu ya kwao, anaona haina wingu. Anafunga mzigo wake, anapanda basi. Jioni anakuta mvua inamngoja.

YALIYONIPATA MIMI

Mimi mwandishi nilidanganyika hivyo mwaka 2001. Mama yangu mkubwa alikuwa anaishi kijiji kimoja karibu na Lindi. Alianza kuugua, akatuma salamu mwezi wa Septemba. Alisema, "Mwanangu, njoo tuonane." Barabara wakati ule ilikuwa kavu. Nami nafasi nilikuwa nayo. Lakini nilijibu, "Mama, nitakuja mwaka mpya."

Nikaondoka mwezi wa Februari. Dar es Salaam jua lilikuwa kali. Wakati ule daraja la Rufiji halijajengwa, na magari yalivuka kwa kivuko. Tulingoja zamu yetu mpaka jioni. Tulipovuka, tukakuta mvua. Kati ya Ndundu na Somanga barabara ilikuwa ya udongo. Basi letu likazama kwenye tope mpaka ngazi. Tulishuka wote, wanaume kwa wanawake. Tulikata matawi, tulichimba, tulisukuma. Tulilala hapo usiku wa kwanza na usiku wa pili.

Siku ya nne nilifika kijijini. Nilikuta watu wamekaa kwenye mikeka. Mama mkubwa alikuwa amezikwa jana yake. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza nauli, huuliza mwezi.

MTO RUFIJI

Siku hizi mambo yamebadilika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Ni refu, karibu kilometa moja. Nayo sehemu ya Ndundu mpaka Somanga ilitiwa lami baadaye. Safari iliyokuwa ya siku mbili au tatu sasa ni ya siku moja.

Lakini lami haizuii mvua. Mto Rufiji hukusanya maji kutoka mbali sana. Mto Kilombero na Mto Ruaha Mkuu huleta maji ya nyanda za juu. Kwa hiyo mto unaweza kujaa hapo Ikwiriri hata kama hapo penyewe hapakunyesha. Mafuriko hayo huleta udongo wa rutuba, na ndiyo sababu wakulima wa mpunga hawauhami mto huu. Lakini yakizidi, huchukua mashamba na nyumba.

Tuliona mwaka 2024. Mwezi wa Aprili maji yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga kilichoitwa Hidaya. Mvua yake ilikata barabara katika Wilaya ya Kilwa. Mabasi na malori yalikwama upande huu na upande ule. Lami ilikuwapo, lakini maji yalipita chini yake na kuichukua. Na si mara ya kwanza. Kimbunga kingine kiliipiga Lindi Aprili 1952. Wazee wetu walikijua.

MIEZI MITANO MIZURI

Basi uende lini? Jibu ni hili: nenda kati ya Juni na Oktoba. Miezi hiyo mvua imekwisha kusini. Masika yamekwisha Dar es Salaam, na vuli haijashika. Barabara kuu ni kavu. Na jambo kubwa zaidi, njia za udongo ziendazo vijijini nazo ni kavu. Ukumbuke kwamba wengi wetu hatuishi kando ya lami. Safari yako haiishi kwenye kituo cha mabasi. Inaisha mlangoni kwa ndugu yako.

Lakini miezi hiyo mitano nayo haifanani.

Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unavuma kwa nguvu. Hali ya hewa ni ya ubaridi, na usingizi ni mzuri. Chukua shuka la kujifunika usiku. Barabarani huna shida, lakini bahari ina mawimbi. Kama unataka kuvuka kwenda kisiwani, utalowa.

Septemba na Oktoba kusi hupungua nguvu. Watu wa pwani huita majira haya demani. Bahari inatulia. Njia ni kavu bado. Kwa maoni yangu, huu ndio wakati ulio bora kuliko wote. Lakini kama wewe ni mkulima wa korosho, hesabu siku zako. Mwezi wa Oktoba korosho zinadondoka, na korosho hazimngoji aliyesafiri. Wewe nenda Septemba.

Desemba watu wengi husafiri kwa sikukuu na likizo za shule. Mabasi hujaa. Kusini mvua imeanza. Ukiweza, usingoje Desemba.

Jambo jingine ni mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka huja mapema kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo uliza. Pwani hii watu wengi hufunga, na mchana sehemu nyingi za kula hufungwa. Lakini jioni hutakosa futari. Watu wa pwani hawamwachi mgeni na njaa.

KILWA, MAHALI PA KUSHUKA

Ukisafiri mwezi mzuri, usipite tu kama mzigo. Shuka Nangurukuru. Hapo kuna njia iendayo upande wa bahari, kwenda Kilwa.

Kwanza utafika Kilwa Kivinje. Ni mji wa zamani, wenye nyumba za mawe ambazo nyingi zimebomoka. Hapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, kwa sababu alipinga utawala wao. Miaka kumi baadaye, mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilianza katika vilima vya Umatumbi, si mbali na hapo.

Kisha utafika Kilwa Masoko. Ng'ambo yake ni Kilwa Kisiwani. Uliza Masoko mahali pa kupata kibali cha kuzuru, kisha vuka kwa mashua. Huko utaona msikiti mkuu wa kale, wenye kuba nyingi. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Utaona pia magofu ya jumba kubwa liitwalo Husuni Kubwa. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 na akausifu mji huo. Utajiri wake ulitoka katika biashara, hasa dhahabu iliyoletwa kutoka Sofala. Wareno waliuvamia na kuupora mwaka 1505.

Tazama, ndugu msomaji. Wafanyabiashara wale walikuja na pepo. Kaskazi iliwaleta kutoka Arabuni, kusi iliwarudisha. Hawakuwa na redio wala kalenda ya ukutani. Lakini hakuna aliyeng'oa nanga kabla ya kujua majira. Nasi wa barabarani tujifunze kwao.

Ukivuka kwa mashua, muulize nahodha habari za maji kupwa na kujaa. Maji yakipwa sana, mashua haifiki ufukoni, na itakubidi utembee kwenye tope.

LINDI NA MTWARA

Kutoka Nangurukuru basi linashuka mpaka Lindi. Mji umekaa kando ya ghuba, kati ya vilima na minazi. Bara kidogo kutoka hapo kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya wanyama wakubwa wa kale waitwao dinosaria. Wachukuzi waliibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mifupa hiyo iko Berlin, Ujerumani, mpaka leo.

Ukipita Mingoyo utaingia katika nchi ya mikorosho. Mwisho utafika Mikindani, mji mdogo wa kale penye ghuba iliyotulia. Mbele yake ni Mtwara. Hapo umefika.

UKILAZIMIKA KUSAFIRI WAKATI WA MVUA

Ugonjwa na msiba havichagui mwezi. Kama ni lazima uende wakati wa mvua, fanya hivi:

1. Sikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mvua za masika, za vuli na za msimu kabla hazijaanza. Hutangaza pia hatari ya kimbunga.

2. Piga simu kwa mtu aliye huko unakokwenda. Muulize hali ya njia mpaka kijijini. Usitazame mbingu ya kwako peke yake.

3. Chukua maji ya kunywa, chakula kisichoharibika, na dawa zako za siku tatu zaidi. Weka akiba ya fedha ya kurudi.

4. Maji yakipita juu ya barabara, usivuke. Hujui kama chini yake barabara ipo. Dereva akitaka kujaribu, abiria semeni kwa sauti moja: "Tunangoja." Kuchelewa si kufa.

MANENO YA MWISHO

Ndugu msomaji, labda una mzazi aliye mbali. Labda dada yako ameolewa ng'ambo ya mto, na hujamwona mtoto wake. Chukua kalamu sasa, maana kuandika unajua. Andika majina ya miezi kumi na miwili. Weka alama kwenye miezi ya mvua ya kwenu. Weka alama kwenye miezi ya mvua ya kwao. Ondoa miezi ya kulima na ya kuvuna. Miezi itakayobaki ni michache. Chagua mmoja, anza kuweka nauli, na uwajulishe kwamba unakuja.

Ukiisha kuuchagua, usiseme, "Nitakwenda mwaka mpya." Nenda.