Kahawa ya Idjwi na wale inaowanyima usingizi

Wiki hii tunawapeleka Idjwi, kwenye mashamba ya kahawa.

Mashua ikitoka Bukavu inaziacha nyuma nyumba zilizobanana mlimani, na baada ya muda kisiwa kinajitokeza mbele, kirefu na kijani, kimelala katikati ya Ziwa Kivu kama mgongo wa ng'ombe. Upande mmoja unaona milima yetu, upande wa pili milima ya Rwanda. Ziwa lenyewe liko juu, karibu meta 1,460 kutoka usawa wa bahari, na ubaridi huo wa milimani ndio unaopendwa na kahawa ya arabika. Tulikuwa wamama kumi na mmoja, tumealikwa na wamama wenzetu wakulima wa upande wa kusini. Ulikuwa mwezi wa nne, na matunda yalikuwa yameiva.

Kwa wale ambao hawajawahi kuona shamba la kahawa la kwetu: msitafute mistari iliyonyooka. Kahawa imechanganyika na migomba, chini yake kuna maharagi, na pembeni mbuzi amefungwa kamba ili asile kila kitu. Mama anachuma tunda jekundu tu, moja moja. La kijani analiacha mpaka liive. Siku ileile matunda yanapelekwa kituo cha kuoshea, yanamenywa kwa mashine, punje zinalazwa, zinaoshwa kwa maji mengi, halafu zinaanikwa juu ya meza ndefu za wavu karibu wiki mbili. Wanaosimama kwenye meza hizo, jua likiwaka, ni wamama. Wanachambua kwa vidole: iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu, iliyoingia weusi. Tulichambua pamoja nao, na baada ya nusu saa migongo ikatukumbusha umri wetu. Wao wanafanya hivyo kutwa nzima, na kutoka kwenye vidole hivyo ndipo masomo ya watoto yanalipwa.

Kisha tukakaribishwa nyumbani.

Mwenyeji wetu alikaanga kahawa ndani ya sufuria, akaitwanga kinuni, akaichemsha, akaileta pamoja na viazi vitamu. Harufu ilijaza uwanja wote. Vikombe vilikuwa kumi na kimoja. Mmoja wetu akakitazama kikombe chake bila kukigusa. Sisi tuliotoka naye tulijua sababu, lakini wenyeji hawakujua. Na ninyi mnafahamu uzito wa kukataa kitu kinachotolewa na mkono wa mwenyeji: mtu anaweza kufikiri unamdharau, au mbaya zaidi, kwamba unaogopa sumu.

Yule mama ametukubalia tueleze habari yake bila jina. Anauza viazi kwenye soko la Kadutu. Kwa miaka mingi alikunywa kahawa kabla ya kutoka alfajiri, na nyingine alasiri ili nguvu zirudi. Usiku moyo ulimpiga kama ngoma, mikono ikamtetemeka, akahesabu jogoo wa jirani mpaka kukacha. Mume akasema mwanamke asiyelala ana mawazo ya mtu mwingine. Jirani akasema ni uchawi. Aliombewa. Akanunua vidonge vya usingizi kwa muuzaji wa barabarani, akaanza kuamka na kichwa kizito, na kwa sababu ya kichwa kizito akaongeza kahawa ya asubuhi. Ndoa yake ilikuwa imefika mahali pabaya wakati muuguzi mmoja, baada ya kumpima presha na damu na kukuta viko sawa, alipomuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza: "Mama, unakunywa nini, na unakinywa saa ngapi?"

Ndani ya kahawa kuna kitu kinachoitwa kafeini. Mti wa kahawa unakitengeneza kwa faida yake wenyewe, kwa sababu ni sumu kwa wadudu wanaoula. Kwetu sisi kinafanya kazi nyingine. Tangu tunapoamka, kuna kitu kinachojikusanya kichwani polepole na kutuambia tumechoka. Kafeini inakuja kukaa kwenye kiti chake. Uchovu haujaondoka, umekosa tu mahali pa kukaa. Ndiyo maana ukifika mwisho wa kafeini unaanguka kama gunia.

Ini ndilo linaloitoa mwilini, na hapo hatulingani. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini inakuwa imetoka baada ya saa tano hivi. Kuna ambao kwao inachukua saa mbili tu. Wengine inafika saa kumi. Kuna pia wale ambao moyo na mishipa yao inashtuka kwa kiasi kidogo sana. Mambo hayo mengi tunazaliwa nayo, kama vile urefu au sauti. Hesabuni wenyewe: mtu wa katikati akinywa kikombe saa kumi ya jioni, nusu yake iko bado saa tatu ya usiku, na robo iko saa nane ya usiku. Yule ambaye ini lake linakwenda polepole anabaki na zaidi ya hapo. Mume wake aliyekunywa sufuria ileile anakoroma pembeni, halafu asubuhi anamwambia kwamba kahawa haina neno.

Muuguzi hakumwambia aache siku moja. Ukiikata ghafula, kichwa kinaweza kuuma kwa siku kadhaa, na watu wengi wanairudia wakidhani ni ugonjwa mwingine. Alipunguza kidogo kidogo, kwanza kile cha alasiri, halafu nusu ya kile cha asubuhi, mpaka kikaisha. Usingizi ulirudi. Mume naye ilimbidi atafute maneno mengine.

Haya yote alimweleza mwenyeji wetu, pole pole, kikombe bado kiko mbele yake. Palikuwa kimya kidogo. Halafu mama mkwe wa nyumba, mzee aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimelima kahawa tangu nikiwa msichana. Sijamaliza hata kikombe kimoja. Inanikimbiza moyo."

"Sasa kwa nini hujatuambia, mama?" mkamwana akauliza.

"Nani aliniuliza?"

Kisha akatueleza jambo ambalo wengi kando ya ziwa hili wanalikumbuka. Kabla vituo vya kuoshea havijafika, hapakuwa na mnunuzi wa bei nzuri upande wetu. Waume walikuwa wanapakia kahawa ndani ya mitumbwi usiku, wanavuka kwenda kuiuza Rwanda kwa siri. Upepo wa ziwa hauna huruma. Wengi walizama, na wajane wao wako bado katika vijiji vya pande hizi. "Kahawa ilitunyima usingizi bila kuinywa," akasema yule mzee. Hakuna aliyejibu. Mwenyeji akakiondoa kile kikombe bila neno, akarudi na maji ya moto yenye tangawizi na sukari, na mazungumzo yakaendelea.

Tuseme wazi, hatuko hapa kuitukana kahawa. Kumi kati yetu tuliinywa, na wawili wakaomba kuongezewa. Lakini kuna wamama ambao jambo hili linawahusu kwa karibu. Mwenye mimba, hasa miezi ya mwisho, mwili wake unachukua muda mrefu mara tatu hivi kuitoa kafeini, na mtoto tumboni anaipata pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mwenye mimba anayepita miligramu 300 kwa siku apunguze. Kikombe kimoja kikubwa cha kahawa kinaweza kubeba karibu miligramu 100, na kahawa kali zaidi. Mtoto mchanga anayenyonya anahitaji siku, si saa, kuitoa ile kidogo inayopita katika maziwa. Na hili wengi hawalijui: vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kuifanya kafeini ikae mwilini karibu mara mbili ya muda wake. Dada akikuambia kwamba kahawa aliyoizoea imeanza kumsumbua tangu aanze vidonge, msimcheke.

Robusta, ile kahawa ya misitu yetu ya Kongo ambayo mara nyingi inaingia katika kahawa ya unga ya kopo, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Chai nyeusi inayo pia, ingawa kidogo. Na ukiinywa chai pamoja na chakula inazuia damu kupata madini ya chuma yaliyo ndani ya sombe na maharagi; ngojeni saa moja. Vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa pikipiki wanavipenda vinabeba karibu miligramu 80 katika kopo dogo. Tunaona watoto wa shule wanavinunua siku za mitihani, na hilo halitupendezi hata kidogo.

Moyo unaopiga mbio si kahawa kila mara. Unaweza kuwa upungufu wa damu au jambo jingine, na mwenye kuumwa kifua au kuzimia aende kwa munganga, asingoje gazeti letu.

Usiku ule tulilala kumi na mmoja katika vyumba viwili. Watatu kati ya walioongezewa na walioonja jioni walikuwa wanazungumza mpaka usiku wa manane, na aliyewaambia wanyamaze alikuwa mama wa viazi. Asubuhi alinunua kilo tatu za kahawa kwa wenyeji wetu, akajadili bei kama mtu anayeijua sana.

Ukipita sokoni Kadutu siku hizi utaiona, mifuko midogo pembeni ya viazi. Mteja akimuuliza ladha yake ikoje, anamwita jirani yake anayeuza nyanya aje kueleza.